Uvumilivu wa Watakatifu Sio Kunyamaza

SEHEMU YA 1: Neno ninalolisikia kila siku



Ukurasa huu mmeuzoea kwa mambo ya chanjo, uji wa mtoto na maziwa yanayogoma kutoka. Wiki hii naandika juu ya watakatifu. Usikimbie. Hata kama wewe sio Mkatoliki, hata kama sio Mkristo, kaa hapa dakika chache, maana mwisho wa yote nazungumzia mwili wako.

Kuna jibu moja ambalo kila nesi wa wodi ya wazazi analijua. Unamuuliza mama, "Hii hali imeanza lini?" Anainamisha macho: "Nimevumilia tu, sista." Amevumilia homa siku nne. Amevumilia titi lililovimba na kuwa la moto kama jiko. Amevumilia kulia usiku kucha huku mtoto amelala. Na mara nyingi pembeni yake kuna shangazi au mama mkwe anayeongezea kwa nia njema kabisa: "Mama Maria alijifungulia zizini na hakulalamika."

Jamani, nani aliandika kwamba hakulalamika? Injili inasema alimlaza mtoto horini kwa sababu hawakupata nafasi nyumba ya wageni. Mengine tumeyajaza wenyewe.

Hapo ndipo tatizo lilipo. Tumechukua fadhila za watakatifu, yaani uvumilivu, unyenyekevu, ujasiri na huruma, tukazikamua mpaka likabaki tone moja tu: mwanamke mwema ni yule anayenyamaza. Halafu tone hilo tunamnywesha mzazi mwenye siku tatu tangu atoke leba.

Sina nia ya kukunyang'anya watakatifu wako. Nataka tuwasome vizuri. Nitakuletea wanawake wanne. Watatu kati yao walikuwa akina mama kama wewe. Wa nne alikuwa nesi kama mimi.

SEHEMU YA 2: Zélie, mama aliyeomba msaada

Zélie Martin alizaliwa Ufaransa mwaka 1831. Aliishi mji wa Alençon, na kazi yake ilikuwa kutengeneza lesi, ile nguo ya matundu ya urembo inayosukwa kwa sindano. Alikuwa na biashara yake mwenyewe na wanawake waliomfanyia kazi. Mume wake, Louis, alikuwa fundi saa. Biashara ya mke ilipokua, Louis aliachana na duka lake la saa akaingia kumsaidia mkewe. Kina baba, hilo lilitokea karne ya 19.

Walizaa watoto tisa. Wanne walifariki wakiwa wadogo. Hebu isome tena hiyo sentensi polepole. Kati ya Februari 1867 na Oktoba 1870, yaani chini ya miaka minne, Zélie alizika watoto wanne: wavulana wawili wachanga, Hélène wa miaka mitano, na kichanga Mélanie-Thérèse. Huyu wa mwisho alikuwa amepelekwa kwa mwanamke wa kumnyonyesha, na mwanamke yule hakumlisha inavyopasa. Mama alipogundua, mtoto alikuwa ameshachelewa.

Sasa fikiria. Mwanamke huyo huyo, Januari 1873, akiwa na umri wa miaka 41, anajifungua tena. Mtoto wa kike, Thérèse. Hawezi kumnyonyesha mwenyewe. Baada ya wiki chache mtoto anaanza kuharisha na kuisha mwili. Daktari anamwambia: bila maziwa ya mama huyu hatapona.

Wewe ungefanyaje? Kumbuka mara ya mwisho alipomkabidhi mtoto kwa mtu mwingine nini kilitokea.

Zélie alitoka alfajiri, kwa miguu, mpaka kijiji cha Semallé, kumtafuta mwanamke wa shambani anayeitwa Rose Taillé, ambaye alikuwa amewanyonyesha wanawe wawili waliotangulia. Rose alipofika na kumwona mtoto, alitikisa kichwa, kama mtu anayesema amekuja bure. Mtoto alishika ziwa. Akanyonya. Alikaa kwa Rose, shambani, takriban mwaka mzima, akarudi nyumbani Aprili 1874 akiwa na afya. Mtoto huyo ndiye ambaye leo Kanisa linamwita Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu. Jina lake liko kwenye vyeti vya ubatizo vya nusu ya mabinti wa mtaani kwetu.

Mama yangu, fadhila iko wapi hapa? Kwangu iko kwenye ile safari ya alfajiri. Unyenyekevu wa Zélie ulikuwa kusema "mimi siwezi, wewe unaweza, tafadhali njoo". Angeweza kukaa nyumbani akaogopa macho ya watu. Angeweza kusema mama wa kweli hanyonyeshewi mtoto wake. Kama angenyamaza kwa aibu, Teresa angezikwa pamoja na ndugu zake.

Kwa hiyo unapokuja kliniki ukaniambia "sista, maziwa hayatoki", hujashindwa. Umefanya alichofanya Zélie. Na ngoja niseme la kinesi hapa hapa: siku hizi usimpe tu jirani mtoto anyonyeshe, kwa sababu virusi vya UKIMWI vinaweza kupita kwenye maziwa. Njoo kwanza. Mara nyingi shida ni jinsi mtoto anavyoshika ziwa, na hiyo tunairekebisha tukiwa tumekaa wawili kwenye benchi. Na mtoto mchanga anayeharisha au anayekataa kunyonya hasubiri kesho. Analetwa leo.

SEHEMU YA 3: Uvimbe wa Zélie

Kuna habari nyingine ya Zélie ambayo haihubiriwi sana.

Mwaka 1865 alimwandikia kaka yake barua. Kaka yake, Isidore, alikuwa mfamasia. Alimweleza kwamba ana uvimbe kwenye titi, umeanza kumuuma, na anataka ushauri kama apasuliwe. Yaani alisema. Hakukaa nao kimya. Lakini upasuaji haukufanyika, na maisha yakaendelea: mimba, lesi, misiba, wateja, watoto wenye homa. Mwisho wa mwaka 1876 maumivu yalikuwa makubwa, akaenda kwa madaktari. Jibu lilikuwa kwamba muda wa kumpasua umeshapita. Juni 1877 alikwenda kuhiji Lourdes na mabinti zake. Tarehe 28 Agosti 1877 akafariki. Miaka 45. Teresa alikuwa na miaka minne.

Kati ya barua ile ya kwanza na kifo chake imepita miaka 12.

Sitamlaumu Zélie. Tiba ya saratani ya matiti ya wakati ule haikuwa kitu cha kukimbilia, na hata ukipasuliwa hukuwa na uhakika. Ninachosema ni hiki: yeye aliuliza wakati dunia haikuwa na majibu. Sisi tuna majibu na hatuulizi.

Wengi wanaochelewa ninaowaona kwenye kazi hii hawakukosa nauli peke yake. Walikuwa na maneno vichwani: "Nitamsumbua mume." "Watoto kwanza." "Mungu atajua." Maneno matakatifu kabisa, na yanaua.

Basi leo usiku, ukioga, jiangalie. Uvimbe mgumu usiouma ndio hasa wa kuuleta, usingoje uume. Ngozi iliyobonyea au yenye vidoti kama ganda la chungwa. Chuchu iliyoingia ndani ghafla wakati zamani haikuwa hivyo. Majimaji au damu kutoka kwenye chuchu. Uvimbe kwapani. Kama unanyonyesha, usikubali kila uvimbe uitwe "maziwa tu" kama haupungui baada ya mtoto kunyonya na siku kadhaa kupita. Vimbe vingi sio saratani, na hiyo ndiyo sababu ya kuja kujua. Zélie aliandika barua. Wewe una simu mkononi.

Zélie na Louis walitangazwa watakatifu pamoja tarehe 18 Oktoba 2015, mume na mke siku moja. Ukimwomba akuombee, mwombe na ujasiri wa kupiga hatua ya kwanza.

SEHEMU YA 4: Gianna, mgonjwa aliyekuwa daktari

Huyu wengi mnamjua. Gianna Beretta Molla, Mwitalia, aliyezaliwa mwaka 1922. Huwa anahubiriwa hivi: mama aliyekufa kwa ajili ya mtoto wake. Mwisho. Kina mama wanatoka kanisani wamebeba funzo kwamba mama mwema hujisahau kabisa.

Tuisome taratibu. Gianna alikuwa daktari, na alibobea katika magonjwa ya watoto. Alikuwa na kliniki yake Mesero, kaskazini mwa Italia. Alikuwa mke wa Pietro, mama wa watoto watatu, na aliendelea na kazi. Mwaka 1961, akiwa na mimba ya miezi kama miwili, alionekana kuwa na uvimbe kwenye mfuko wa uzazi. Madaktari walimwekea mezani njia tofauti, na nyingine zingemaliza mimba ile. Yeye alichagua upasuaji wa kuondoa uvimbe peke yake ili mtoto abaki. Alipasuliwa Septemba 1961. Tarehe 21 Aprili 1962 alijifungua kwa upasuaji, hospitali, mtoto wa kike aliyeitwa Gianna Emanuela. Wiki moja baadaye, tarehe 28 Aprili, alifariki kwa maambukizi yaliyosambaa tumboni. Alikuwa na miaka 39. Alitangazwa mtakatifu mwaka 2004, na mume wake na watoto walikuwepo uwanjani Vatikani. Binti yule alikua, akawa daktari kama mama yake.

Umeona? Gianna alipimwa. Alijua jina la ugonjwa wake. Aliuliza, akaelezwa hatari, akasema wazi anachotaka, mumewe akisikia. Alikubali kisu mara mbili. Alijifungulia mahali palipo na madaktari. Ujasiri wake ulikuwa na macho. Sadaka yake ilikuwa sadaka kwa sababu alijua anachokitoa.

Mama anayevuja damu nyumbani huku amejifunika kanga kwa sababu "nisije nikawasumbua watu usiku" hafanyi alichofanya Gianna. Hajachagua kitu. Amekosa taarifa tu, na amekosa mtu wa kumwambia "amka twende".

Kwa hiyo chukua hii, ibandike kwenye kabati. Baada ya kujifungua, wiki sita zote, hizi haziombewi nyumbani peke yake, zinaombewa ukiwa njiani kwenda hospitali: damu nyingi inayolowesha pedi au kitambaa haraka haraka, homa, tumbo kuuma sana au kuwa gumu, uchafu wenye harufu mbaya, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, degedege, kupumua kwa shida, mguu mmoja kuvimba na kuuma. Na kidonda cha upasuaji kinachofunguka au kutoa usaha. Usihesabu siku. Nenda.

SEHEMU YA 5: Monika na ile kauli ya "vumilia"

Hii ndiyo sehemu ngumu, na ndiyo iliyonifanya nianze mfululizo huu.

Mtakatifu Monika ni wetu. Mwafrika, mama wa Mtakatifu Agostino, kutoka Tagaste, mji ambao leo uko Algeria. Karne ya 4. Sikukuu yake ni tarehe 27 Agosti, na kina mama wanaipenda. Tunamjua kwa machozi na sala za miaka mingi kwa ajili ya mwanawe aliyepotea njia. Lakini angalia Monika alivyokuwa akisali. Mwanawe alipomtoroka usiku kwa meli kwenda Italia, alivuka bahari akamfuata mpaka Milano. Alimfuata askofu amsaidie kuongea na kijana, akang'ang'ania mpaka askofu akachoka. Mwanamke huyu hakunyamaza hata siku moja! Uvumilivu wake ulikuwa na miguu na sauti. Alimwona Agostino akibatizwa mwaka 387, na mwaka huo huo akafariki Ostia, bandari ya Roma.

Lakini jina lake hutumika kwa jambo lingine. Mume wake, Patricius, alikuwa mwenye hasira kali. Basi binti akirudi kwao na jicho limevimba, utasikia: "Mwanangu, vumilia. Mtakatifu Monika naye alivumilia mume."

Agostino mwenyewe ameandika kuwa majirani walishangaa, maana hawakuwahi kuona wala kusikia kwamba Patricius amempiga Monika. Hakupigwa. Kwa hiyo usimtumie kumrudisha mwanamke kwenye kipigo.

Na ndiyo, Agostino anaandika pia kwamba Monika aliwaambia wanawake wenzake waliopigwa wachunge ndimi zao. Sitakuficha hilo. Lilikuwa shauri la mwanamke wa Dola ya Kirumi, miaka zaidi ya 1,600 iliyopita, ambako mke hakuwa na pa kukimbilia. Kanisa limemheshimu kwa imani na upendo wake. Halijasema kila alichowaambia majirani kisimani ni amri kwa binti yako.

Mimi namwona binti huyo akija na mimba ya miezi saba, amepigwa teke la tumbo. Kondo la nyuma linaweza kubanduka kabla ya wakati wake, na hapo tuna muda mdogo sana wa kuwaokoa wote wawili. Kondo halijui neno "vumilia". Mama, ukipigwa tumboni, hata kama huoni damu, njoo upimwe. Sema ukweli ulivyotokea, usiseme umeanguka bafuni. Hapa Tanzania kuna Dawati la Jinsia na Watoto kwenye vituo vya polisi, na kuna fomu ya PF3. Na wewe mama uliyempokea binti huyo mlangoni, kabla hujamwambia asali kama Monika, fanya kama Monika: vaa viatu, umfuatilie mwanao.

SEHEMU YA 6: Irene, yule aliyekwenda mwenyewe

Wa mwisho ni nesi. Sista Irene Stefani, Mwitalia wa shirika la Consolata, alifika Kenya mwaka 1915 akiwa na miaka 23. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimeshawaka Afrika Mashariki, na maelfu ya Waafrika walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam linatokana na kikosi hicho cha wapagazi. Walikufa wengi sana, kwa magonjwa kuliko kwa risasi. Irene aliwauguza katika hospitali zao, Voi, halafu Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Kazi ya kuosha vidonda, kubadilisha nguo, kukaa na anayekufa.

Baada ya vita alikwenda Gikondi, Nyeri. Alitembea milima ile nyumba kwa nyumba kuona wagonjwa na wazazi, na watu wakampa jina la Kikikuyu, Nyaatha, mama wa huruma. Mwaka 1930 alimuuguza mgonjwa wa tauni, naye akaambukizwa. Alifariki tarehe 31 Oktoba mwaka huo, miaka 39, sawa na Gianna. Alitangazwa Mwenyeheri pale Nyeri mwaka 2015.

Nimemweka mwisho kwa sababu sitaki mzigo wote wa mfululizo huu ubaki mgongoni kwa mama aliyejifungua. Nimekwambia sema, uliza, nenda. Lakini wapo wasio na nguvu ya kusema. Mama mwenye sonona baada ya kujifungua mara nyingi hawezi hata kueleza ana nini. Anaona tu kila kitu kizito, hamtaki mtoto, halali hata akipewa nafasi, au anawaza kufa. Huyo hamwandikii mtu barua. Huyo anahitaji Irene, mtu wa kupanda kilima na kubisha hodi.

Baba, Irene wa nyumba yako ni wewe. Usiulize "uko sawa?" ukiwa mlangoni na funguo mkononi. Kaa chini. Uliza amelala saa ngapi, amekula nini, damu ikoje. Mama mkwe, usiangalie mtoto peke yake, mwangalie na aliyemzaa. Na nyie wa jumuiya ndogo ndogo, mnapokwenda kumpongeza mzazi na khanga na sabuni, mmoja wenu abaki nyuma wengine wakiondoka. Aoshe vyombo. Asikilize. Akisikia mama anawaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, asimwache peke yake, ampeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Zélie aliomba. Gianna aliuliza akajua. Monika alifuatilia. Irene alikwenda bila kuitwa. Wote wanne walivumilia mambo makubwa, na katika yote hayo hakuna aliyefika mbinguni kwa kuficha maumivu chini ya kanga.

Kwa hiyo safari ijayo nikikuuliza "hii hali imeanza lini?", nijibu kwa tarehe. Na kama imeanza leo asubuhi na umeshafika, nitafurahi kuliko unavyodhani.

Mtumie mtu mmoja mwenye mtoto mchanga. Halafu usiishie kumtumia. Mpigie.